Depo ya umeme: kabla koperative haijalipia batri

Tangu kampuni za umeme wa jua zianze kupita katika vijiji vyetu, kuna ulizo moja linalorudi katika kila mkutano wa koperative: jua likizama, umeme unatoka wapi? Na ulizo la pili linafuata mara moja, mara nyingi kutoka kwa mama mtunza-feza: juu ya nini katika karatasi ya devi batri inakula feza nyingi hivi?

Sisi tunaona maulizo haya mawili ni moja. Anayefahamu batri inafanya kazi gani atajua pia anunue ya kiasi gani, na ataona mahali ambapo anauziwa kitu asichohitaji. Koperative kadhaa zinazosoma gazeti hili ziko karibu kutia saini mkataba wa miaka mingi juu ya umeme wa mashini ya kusaga, na feza za mkataba huo zitatoka katika mavuno ya watu. Kwa hiyo safari hii tunachukua nafasi ndefu kidogo. Tutaanzia mbali, Australia, kwa sababu kule kuna batri ambayo mambo yake mazuri na mabaya yote yameandikwa wazi. Kisha tutarudi kwetu, kwenye mahindi, muhogo na kahawa.

Depo na mlango wake

Kila memba anajua depo. Maharage yanavunwa yote kwa wiki mbili tatu, soko linajaa, bei inaanguka, mnunuzi anapanga bei anavyotaka. Koperative iliyo na depo inaweka magunia na kungoja. Depo yenyewe haioteshi hata punje moja. Kazi yake ni kuhamisha mavuno toka siku ya wingi mpaka siku ya upungufu.

Batri ni vile vile. Haizai umeme. Inachukua umeme wa saa sita mchana, wakati pano za jua zinatoa kuliko watu wanavyotumia, na kuurudisha saa moja jioni wakati kila nyumba inawasha taa. Na kama depo, nayo inakula kidogo. Ukiingiza kilowati-saa 100 katika batri ya lithiamu, utatoa kama 85 mpaka 90. Zingine zinapotea kuwa joto. Tena depo hii inapungua: kila mwaka inabeba kidogo kuliko mwaka uliopita, hata ukiitunza vizuri.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi wanalipita haraka. Depo iko na vipimo viwili: ukubwa wa ndani, na upana wa mlango. Depo ya tani 20 yenye mlango mwembamba inatoa gunia moja moja, hata kama malori kumi yanangoja nje. Kwa batri, upana wa mlango unapimwa kwa kilowati (au megawati, yaani kilowati 1.000), na ukubwa wa ndani unapimwa kwa kilowati-saa. Muuzaji akikutajia namba moja tu, bado hajakuambia kitu. Mwombe zote mbili.

Tunashikilia hapo kwa sababu batri kubwa za dunia ziko na kazi mbili tofauti kabisa. Moja inataka mlango mpana, nyingine inataka ndani pakubwa.

Jamestown, mji wa ngano na kondoo

Katika jimbo la South Australia kuna mji mdogo unaitwa Jamestown. Watu wa kule ni walimaji wa ngano na wafugaji wa kondoo. Upepo ni mwingi, na jimbo lilikuwa limeshaweka mitambo mingi ya upepo kabla ya watu wengine kufikiri jambo hilo.

Tarehe 28 Septemba 2016, saa kumi alasiri na dakika 18, jimbo zima liliingia gizani. Dhoruba kali ilikuwa imeangusha nguzo kubwa za chuma zaidi ya 20 za nyaya za umeme. Mtandao ukatikisika mara nyingi mfululizo, na mitambo kadhaa ya upepo, ambayo ilikuwa imepangwa kujizima yenyewe ikitikiswa vile, ikajizima. Megawati 456 zilipotea kwa muda usiofika sekunde saba. Waya mkubwa unaotoka jimbo la jirani ukajaribu kubeba mzigo wote, ukazidiwa, nao ukakatika. Watu karibu milioni 1,7 wakakosa umeme kwa mara moja. Walio wengi walirudishiwa usiku uleule, lakini wengine wa kaskazini, kule mashambani, walingoja siku nyingi.

Ili kuelewa sekunde saba zile, fikirini chukudu iliyojazwa magunia ya makaa ikipanda mlima. Vijana watano wanasukuma. Mzigo ni watu wote wanaotumia umeme. Wanaosukuma ni mitambo yote inayozaa umeme. Mwendo wa chukudu lazima usibadilike: katika mtandao wa umeme, kwao na kwetu, mwendo huo ni mapigo 50 kwa kila sekunde. Kijana mmoja akiteleza, chukudu inapunguza mwendo palepale. Isipopata msaada mara moja, inaanza kurudi nyuma, na hapo kila mmoja anaruka pembeni ili asivunjwe miguu. Mitambo ya umeme inafanya hivyo hivyo: mapigo yakishuka sana, inajikata yenyewe ili isiharibike, na giza linakuwa la wote.

Basi kinachohitajika ni kijana anayekaa pembeni, mikono tayari, ambaye haulizi mtu. Kituo cha gesi au mazutu ambacho hakijawashwa kinahitaji dakika kadhaa. Batri haina gurudumu la kuzungusha wala kitu cha kupasha moto. Inaanza kutoa kwa sehemu ya sekunde.

Mwezi wa Machi 2017 Elon Musk wa kampuni ya Tesla aliahidi hadharani kwamba anaweza kuweka batri kubwa katika jimbo lile kwa siku 100, la sivyo ataitoa bure. Serikali ikamchukua kwa neno lake. Tarehe 1 Desemba 2017 batri ya Hornsdale ikaanza kazi karibu na Jamestown, pembeni ya mitambo 99 ya upepo. Mwenye nayo ni kampuni ya Ufaransa, Neoen. Mlango: megawati 100. Ndani: megawati-saa 129. Pigeni hesabu: ukifungua mlango wote, depo inaisha kwa saa moja na robo hivi. Wengi walicheka. Batri kubwa kuliko zote za lithiamu duniani wakati ule, na haimalizi hata saa mbili!

Lakini haikuwekwa kwa ajili ya usiku kucha. Megawati 70 za mlango ziliwekwa akiba kwa ajili ya usalama wa mtandao, yaani kwa kazi ya yule kijana wa chukudu. Wiki mbili baadaye, usiku wa tarehe 14 Desemba, mtambo mmoja wa makaa ya mawe wa Loy Yang, katika jimbo la Victoria, ulizimika ghafula ukiwa unatoa megawati 560. Batri ya Hornsdale, iliyo mbali sana na pale, ikasukuma megawati 7,3 kabla mtambo uliokuwa umelipwa kwa kazi hiyo haujaanza kusaidia. Megawati 7 mbele ya 560 ni kidogo sana, tunakubali. Watu wa umeme walichoshangaa ni haraka yake.

Jaribio la kweli lilikuja tarehe 31 Januari 2020. Dhoruba nyingine, nguzo zingine chini, waya wa kuunganisha jimbo na majirani ukakatika. Jimbo likabaki peke yake kama kisiwa kwa zaidi ya wiki mbili. Safari hii taa hazikuzimika. Tusiseme ni batri peke yake: vituo vya gesi vilikuwa vinafanya kazi, wasimamizi walikuwa wamejifunza, mitambo ya upepo ilikuwa imepangwa upya isijizime ovyo. Lakini batri tatu kubwa za jimbo zilikuwa kati ya zile zilizoshika mapigo yasianguke. Mwaka uleule Hornsdale ikapanuliwa mpaka megawati 150.

Na sasa upande mbaya, ambao kwa koperative ni wa faida kuliko sifa zote. Mwezi wa Oktoba 2019 kituo kikubwa cha Kogan Creek, katika Queensland, kilizimika. Hornsdale ikatoa msaada mdogo kuliko ule iliokuwa inalipwa kuuweka tayari. Wakaguzi wakachunguza, wakakuta kwamba kwa miezi kadhaa batri haikuwa imepangwa sawasawa kutoa kile kilichoahidiwa, na malipo yalikuwa yanaingia. Mwaka 2022 mahakama iliiamuru kampuni kulipa faini ya dola za Australia 900.000. Ukilipa mtu kukaa tayari, hujui kama yuko tayari mpaka siku ya shida, isipokuwa kama kuna mtu anayempima kabla.

Kazi ya pili: kubeba jua mpaka usiku

Kazi ya kwanza ni ya sekunde. Ya pili ni ya saa nyingi, na njo ile wengi wetu tunaifikiria tukisikia neno batri.

Jimbo la California, Marekani, liko na pano za jua nyingi mno. Mchana umeme unazidi mpaka wakati mwingine bei inashuka chini ya sifuri. Watu wanarudi nyumbani jioni, jua linazama, na ndani ya saa tatu hivi mtandao unatakiwa kupata megawati maelfu kutoka mahali pengine. Mwezi wa Agosti 2020, wakati wa joto kali, haukuzipata, na wasimamizi wakakata watu umeme kwa zamu. Kutoka hapo wakaweka batri kwa wingi. Katika mwezi wa Aprili 2024 zilikuwa zimepita megawati 10.000, na jioni moja ya mwezi huo batri zilitoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote cha mtandao wao, kwa muda mfupi. Nyingi za batri zile zinatoa kwa saa nne. Hakuna aliyezinunua ili zifike asubuhi. Zinabeba kile kilima cha jioni tu, basi.

Karibu na sisi kuna Kenhardt, katika sehemu kavu ya Afrika ya Kusini. Kituo kile kiko na pano za megawati 540, na batri yenye mlango wa megawati 225 na ndani ya megawati-saa 1.140. Gawanyeni: ni kama saa tano. Mkataba wao ni kutoa megawati 150, bila kupanda wala kushuka, toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu na nusu usiku. Malawi walianza kwa udogo: mwaka 2022, pale Golomoti katika wilaya ya Dedza, kituo cha jua cha megawati 20 kilianza kazi na batri ya megawati 5 na megawati-saa 10. Saa mbili. Mtandao wa Malawi ni dhaifu, mwaka uleule dhoruba Ana iliharibu kituo chao cha maji cha Kapichira, na wingu likipita juu ya pano megawati zinaruka-ruka. Saa mbili zile zinatosha kutuliza mawingu na kusaidia jioni.

Mtu wa Bukavu atauliza: na sisi wenye maji ya Ruzizi, batri ya nini? Ni ulizo zuri. Mahali penye bwawa kubwa, maji yenyewe ni depo: unayazuia mchana, unayafungulia jioni. Afrika ya Kusini ina kituo kinachoitwa Ingula ambapo wanapandisha maji juu kwa pompi wakati umeme ni mwingi na kuyateremsha wakati wa shida, na mlango wake ni megawati 1.332, kupita batri karibu zote. Lakini depo ya maji inataka mlima, bwawa na miaka mingi ya ujenzi. Batri inafika kwa lori na inawekwa popote. Na tunajua sote namna Ruzizi inavyopungukiwa wakati mwingine, mara maji yako chini, mara machupa ya plastiki yameziba njia ya mitambo. Kwa walio wengi kati yenu, tena, mtandao ule haufiki kabisa. Waya mkubwa wa Inga unaenda kilometa 1.700 mpaka Kolwezi ukipita juu ya mashamba ya watu ambao jioni wanawasha kibatari.

Kwetu mambo yameshaanza, kwa mitandao midogo. Manono, katika jimbo la Tanganyika, ilipata mwaka 2018 kituo cha jua cha megawati 1 chenye batri za megawati-saa 3. Manono njo ile ile ambayo lithiamu imelala chini ya udongo wake kwa wingi. Batri zilitoka ngambo. Goma nako, mwezi wa Februari 2020, kampuni ya Nuru iliwasha kituo cha megawati 1,3 chenye pano, batri na grupu ya mazutu ya akiba. Mtandao mdogo uko na shida ileile ya Australia, lakini kali zaidi: chukudu ni ndogo, wasukumaji ni wawili watatu, na mashini moja ya kusaga ikiwashwa ni kama mtu amerusha gunia zima juu ya mzigo.

Mashini ya kusaga: saa ngapi?

Hapa tunafika kwenye feza zenu.

Tuchukue mashini ya kusaga ya kilowati 10, ya kawaida katika vijiji vyetu. Watu wanapenda kusaga jioni, wakitoka shambani, tuseme saa nne za kazi. Ni kilowati-saa 40 kila jioni. Batri haitakiwi kumalizwa mpaka mwisho, tena kuna umeme unaopotea katika onduleri, ile mashini inayogeuza umeme wa batri kuwa umeme wa kawaida. Kwa hiyo utahitaji batri ya kilowati-saa 50 mpaka 55, na pano za ziada za kuijaza mchana. Hiyo ni kazi ya saa nyingi, ile ya Kenhardt. Depo kubwa.

Sasa mashini ileile isage saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Umeme unatoka kwenye pano moja kwa moja. Kilowati-saa 40 zile hazipiti katika batri hata kidogo. Hata hivyo batri haiondoki kabisa. Mota ikiwashwa bila kifaa cha kuituliza inavuta, kwa muda mfupi sana, mara tano mpaka saba ya kiasi chake cha kawaida. Na wingu likipita, pano zinaanguka ghafula wakati mahindi yako katikati ya jiwe. Kwa hiyo unahitaji batri ndogo yenye mlango mpana, na kifaa cha kuwasha mota polepole, ambacho mafundi wanakiita variateri. Hiyo ni kazi ya sekunde, ile ya Hornsdale. Ndani panaweza kuwa padogo mara nyingi kuliko pale pa kwanza.

Tofauti ya bei kati ya hizo mbili njo feza ambazo mama mtunza-feza alikuwa anazitafuta. Ni kweli bei ya batri za lithiamu imeanguka sana: BloombergNEF, wanaofuata bei hizi kila mwaka, walihesabu wastani wa dola 115 kwa kilowati-saa katika mwaka 2024, wakati miaka 14 nyuma ilikuwa zaidi ya dola 1.000. Lakini hiyo ni bei ya batri tupu, wastani wa dunia nzima. Haihesabu meli, duane, onduleri, barabara zetu, wala faida ya kila mkono uliopitisha kartoni. Msishangae devi ikiwa mara kadhaa zaidi ya namba ile. Shangaeni kama hawawezi kuwaeleza kila sehemu yake.

Hata unga ni depo ya umeme. Ukisaga mchana, jua limekaa ndani ya gunia. Maji yaliyopandishwa katika tanki mchana ni umeme uliohifadhiwa, barafu ya maziwa iliyoganda mchana pia. Depo za namna hiyo hazizeeki kila mwaka na hazitoki ngambo.

Tunajua jibu la akina mama, juu ya tumelisikia: mchana tuko shambani, nani atakuja kusaga saa sita? Wana haki. Kuhamisha saa ya mashini bila kuuliza wanaobeba mahindi ni kuwabebesha wao gharama ya batri. Njia ambayo sisi tunaiona inafaa ni kuacha mahindi asubuhi njiani kuelekea shambani, kwa tiketi, na kuchukua unga jioni. Hapo linatoka neno lingine, nalo ni kubwa: hakuna mama anayetaka muhogo wake mweupe uchanganywe na wa mtu asiyekausha vizuri, na hakuna anayetaka gunia lirudi limepungua kilo. Mizani mbele ya watu wote, gunia lenye alama, msagaji anayelipwa na koperative na si kwa kilo anazopunguza. Hayo yote ni rahisi kuliko kilowati-saa 40 za batri, lakini yanataka komite yenye kuaminika. Kama komite yenu haina sifa hiyo kwa sasa, semeni ukweli, na hesabuni batri kubwa.

Kahawa ni habari nyingine. Matunda mekundu yanachumwa mchana, yanafika kwenye kituo cha kuosha alasiri, na lazima yamenywe siku ileile, la sivyo yanaanza kuchacha na bei inaharibika. Kazi hiyo huwezi kuihamishia saa sita mchana wa kesho. Kwa koperative ya kahawa batri ya saa tatu nne za jioni inaweza kujilipa, hasa kwa kuwa mashini ya kumenya mara nyingi haivuti sana kama ya kusaga. Lakini msimu ni miezi michache. Miezi mingine batri ile itafanya nini? Kama hakuna jibu, grupu ya mazutu kwa msimu mmoja inaweza kuwa bei nafuu zaidi, na hatuoni haya kuliandika.

Moto, na karatasi

Tarehe 16 Januari 2025, pale Moss Landing katika California, batri kubwa ya megawati 300 iliyokuwa ndani ya jengo moja ilishika moto. Zaidi ya watu 1.000 waliondolewa nyumbani. Mahali pale ni katikati ya mashamba ya mboga na matunda, na watafiti wa chuo kikuu cha San José State walikuta katika udongo wa karibu nikeli, manganezi na kobalti zaidi ya ilivyokuwa kabla ya moto. Kobalti ile ile ambayo nchi yetu inaichimba kupita nchi zote za dunia.

Batri nyingi kubwa zinazowekwa siku hizi ni za namna nyingine, ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti wala nikeli. Inavumilia joto vizuri zaidi na inaishi maelfu ya kujazwa na kutolewa. Njo hiyo tunawashauri mtake iandikwe kwa jina katika devi. Haina maana haiungui. Isiwekwe katika depo ya mbegu, wala karibu na mbolea au mapipa ya mazutu. Ijengewe kibanda chake chenye kivuli na hewa, kwa sababu joto la bati tupu linaizeesha upesi kuliko kazi yenyewe. Na batri za gari zilizotumika, zinazouzwa sokoni kwa maneno matamu, zimetengenezwa kuwasha mota ya gari kwa nukta chache. Ukizimaliza kila usiku, hazitafika mbali.

Juu ya mkataba: kipimo cha mlango na cha ndani viandikwe vyote viwili, kwa mwaka wa kwanza na kwa mwaka wa mwisho, kwa kuwa batri inapungua na bei mnayolipa haipungui. Iandikwe nani anabadilisha batri ikiisha kabla ya mkataba, na nani anachukua ya zamani. Na kuwe na siku ya kupima. Mara mbili kwa mwaka, mbele ya wajumbe wa komite, batri ijazwe, pano zikatwe, mashini iwashwe, na saa ihesabiwe mpaka izime. Jioni moja tu ya kazi. Kampuni inayokataa jaribio hilo kabla ya saini imeshawajibu.

Animatere wetu katika kila kituo wana karatasi ya hesabu ya kilowati-saa kwa mashini za kusaga, za kumenya kahawa na za kupandisha maji. Mwende na devi yenu, na mwende na mtu anayejua ni magunia mangapi yanasagwa kwa siku wakati wa mavuno na wakati wa njaa, kwa sababu bila namba hiyo hata sisi hatuwezi kuwasaidia.